Asubuhi Tulivu kwa Njia ya Ayurveda: Chukua Machache, Pamoja na Makatazo Yake

Maswali tunayoletewa kuhusu asubuhi za Kiayurveda yanafanana. Niamke saa ngapi? Nisukutue kwa mafuta gani? Lazima maji yalale kwenye chombo cha shaba? Unga unaouzwa kwenye kopo utanipa utulivu ule unaotajwa? Ukiyasoma kwa pamoja unaona yamesimama juu ya dhana moja, kwamba utulivu huja kwa kuongeza: anayefanya mambo kumi kabla ya jua kuchomoza atafaidi kuliko anayefanya matatu. Dhana hiyo ndiyo inayowachosha watu, wakaanza Jumatatu na kuacha Alhamisi.

Utaratibu wa siku katika Ayurveda huitwa dinacharya. Maelezo yake yanayofuatwa sana yamo katika Ashtanga Hridaya, kitabu cha tabibu wa India aitwaye Vagbhata, ambaye wanahistoria wengi humweka karibu na karne ya 7. Sura ya pili ya sehemu yake ya kwanza inamfuata mtu tangu anapofumbua macho: kuamka, haja, meno, mafuta, mazoezi, kuoga, kula. Jambo ambalo wauzaji wa leo wameliacha nyuma ni kwamba matendo mengi yameandikwa pamoja na watu wasiotakiwa kuyafanya. Kijiti cha meno asitumie mwenye homa, kikohozi au vidonda vya kinywa. Mafuta ya mwili asipake ambaye chakula hakijamsagika tumboni. Kuoga aache mwenye kuharisha na aliyetoka kula sasa hivi. Makatazo haya ndiyo sehemu ninayoiona bora kuliko zote katika urithi huu, kwa sababu yanamlazimisha mtu kuutazama mwili wake kwanza kabla ya kuushughulikia. Ushauri wote hapa chini umejengwa juu yake: chukua machache, yapange vizuri, na usichukue tendo bila katazo lake.

Asubuhi huanzia usiku

Wakati unaosifiwa na vitabu huitwa brahma muhurta. Muhurta moja ni dakika 48, na hii huanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kufuatana na msimu, hiyo ni kati ya saa kumi na dakika ishirini alfajiri na saa kumi na moja. Waislamu wanaoamka kwa swala ya alfajiri tayari wako karibu na muda huo, wala hawahitaji kubadili chochote. Lakini kumbuka mambo mawili. Vagbhata anapotoa agizo la kuamka mapema anamtaja mtu mwenye afya, hamtaji kila mtu. Na katika Charaka Samhita, kitabu cha Charaka kilichomtangulia, imo sura nzima kuhusu misukumo 13 ya mwili isiyofaa kuzuiwa: mkojo, haja kubwa, chafya, miayo, njaa, kiu na mingineyo. Usingizi ni mmojawapo. Kwa hiyo anayelala saa sita usiku na kujilazimisha kuamka saa kumi kwa jina la Ayurveda anaivunja Ayurveda yenyewe, na sayansi ya leo haimtetei pia, kwa kuwa mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi.

Hesabu basi kwa kurudi nyuma. Anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri awe amelala saa nne usiku. Kama hilo haliwezekani nyumbani kwako, amka saa kumi na mbili na usijilaumu. Kinacholeta tofauti kubwa ni kuamka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo, si kuamka mapema siku tatu na kufidia siku nne. Usiku fanya haya:

- Kula chakula cha mwisho saa mbili au tatu kabla ya kulala. Atakayeamka na ugali tumboni hatafurahia lolote kati ya yatakayofuata.
- Chemsha maji na uyaweke kwenye chupa ya chai, ili asubuhi usianze kwa kuwasha jiko.
- Chaji simu mbali na kitanda. Ikiwa ndiyo kengele yako, iweke mahali ambapo lazima usimame kuizima.
- Kama unataka kuamka mapema kuliko ulivyozoea, sogeza robo saa tu kila baada ya siku tatu au nne, kulala na kuamka kwa pamoja.

Wenye zamu za usiku, wanaonyonyesha na wanaougua wasiyaguse haya ya saa. Mama aliyeamshwa na mtoto mara nne usiku anahitaji kulala wenzake wanapoamka, na hakuna tabibu mwenye akili atakayemwambia vinginevyo.

Dakika za kwanza: usikimbie

Ukifumbua macho, kaa kwanza kitandani mpaka kichwa kitulie. Hii inawahusu hasa wazee na wanaotumia dawa za presha, ambao hupata kizunguzungu wakisimama ghafla. Kisha nenda msalani. Vitabu vinaweka haja mwanzoni kabisa mwa siku, na vinakataza kuizuia na vilevile kuilazimisha. Anayekaa chooni dakika ishirini akijikamua huku anasoma ujumbe wa simu amekosea mara mbili: anajitafutia bawasiri, na ameshayaruhusu makundi yote ya WhatsApp kuingia kichwani mwake kabla hajanawa uso. Simu haimo katika kitabu chochote cha kale, lakini ukiniuliza ni jambo gani moja litakalobadilisha asubuhi yako kuliko mafuta na mizizi yote, nitakujibu ni kuiacha simu hadi umalize kuoga.

Sukutua kinywa, unywe maji. Glasi moja ya maji ya uvuguvugu inatosha, inywe polepole ukiwa umekaa. Kuna watu wanaojilazimisha lita nzima kwa mkupuo kwa madai ya kuosha sumu. Figo zinafanya kazi hiyo mchana na usiku bila kusukumwa, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo aliyepimiwa maji na daktari anaweza kudhurika. Kuhusu chombo cha shaba, ukweli upo ila ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2012 majaribio yaliyoonyesha kwamba maji yaliyotiwa bakteria wa kuharisha yakakaa saa 16 katika chungu cha shaba hayakuwa tena na bakteria hao, na shaba iliyoingia majini ilikuwa chini sana ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ni habari njema kwa asiye na kuni wala gesi. Aliyechemsha maji yake haongezewi kitu kikubwa. Ukitumia chombo cha shaba, usitie humo ndimu, ukwaju wala juisi, maana uchachu huiyeyusha shaba kwa wingi, na chombo chenye kutu ya kijani kisitumike mpaka kisuguliwe kabisa.

Hapa pana kosa ambalo linastahili kusemwa kwa sauti. Maji ya moto yenye asali na ndimu yanauzwa kila mahali kama kinywaji cha asubuhi cha Kiayurveda. Charaka na Vagbhata wote wawili wanakataza asali iliyopashwa moto au kuchanganywa na vitu vya moto. Huna haja ya kukubaliana nao kwamba asali hiyo ni sumu, kwani hilo halijathibitishwa. Ila ujue kwamba unachokunywa hakitoki kwao. Ukipenda ndimu, kunywa, kisha sukutua kwa maji matupu na usipige mswaki papo hapo, maana asidi hulainisha tabaka la nje la jino. Asali asipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kinywa: meno, ulimi, mafuta

Vagbhata anataja kijiti kinene kama ncha ya kidole kidogo, chenye ladha chungu, kali au ya kukaza, kilichotafunwa ncha mpaka kiwe kama brashi, kisichojeruhi ufizi. Wa pwani ya Afrika Mashariki hawana la kujifunza hapa. Mswaki wa mti wameutumia tangu enzi, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1987. Mwarobaini nao unatumika sana India kwa kazi hiyohiyo. Onyo langu ni kwa wanaopenda kufuata orodha za kale neno kwa neno. Miongoni mwa miti ya mswaki anayoitaja Charaka umo karavira, ambao ni oleanda, ua la bustani lenye sumu inayoweza kusimamisha moyo. Umo pia arka, wenye utomvu mweupe unaounguza macho na ngozi. Usitafune tawi la mti usioujua kwa sababu tu limeandikwa kitabuni, na popote ulipo endelea na dawa ya meno yenye floridi angalau mara moja kwa siku.

Ulimi unakwanguliwa kwa kifaa kilichopinda kisicho na makali. Charaka aliorodhesha dhahabu, fedha, shaba, bati na shaba nyeupe; cha chuma cha pua kinachouzwa leo kwa bei ndogo kinafaa, na kijiko kisafi kinafaa pia. Anzia nyuma kadiri usivyopata kichefuchefu, vuta mbele mara tano au sita bila kugandamiza, suuza kifaa kila mara. Ukiona damu, unatumia nguvu mno. Hili ni tendo lenye ushahidi kiasi, ingawa si wa nguvu: mapitio ya kitabibu ya Cochrane ya mwaka 2006 yalikuta kukwangua kunapunguza gesi za harufu mbaya ya kinywa kidogo zaidi kuliko kusugua ulimi kwa mswaki, ingawa nafuu hiyo haidumu muda mrefu. Linachukua nusu dakika. Kama utachukua jambo moja tu kutoka sehemu hii, chukua hili.

Kusukutua mafuta ndiko kunakoulizwa zaidi, na ndiko kunakostahili sifa kidogo zaidi. Tafiti zilizopo ni ndogo na zinapingana, na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakikupendekezi. Ukipenda, tia kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta, sukutua kwa upole dakika chache (dakika ishirini zinazotangazwa hazina msingi, zitakuumiza taya tu), tema kwenye pipa la taka badala ya sinki litakaloziba, kisha piga mswaki kama kawaida. Usimeze. Usimpe mtoto mdogo, wala mgonjwa anayepaliwa kirahisi: mafuta yakiingia mapafuni husababisha nimonia ngumu kutibu.

Mafuta mwilini

Hili ndilo tendo ninalolitetea kuliko yote, na sababu si miujiza. Kujipaka mafuta kunakulazimisha kuupitia mwili wako mzima kwa mikono yako mwenyewe kwa dakika kumi, bila kitu kingine unachoweza kufanya kwa wakati huohuo, kwa kuwa mikono yenye mafuta haishiki simu. Tafiti kuhusu kukandwa kwa jumla zinaonyesha kwamba hutuliza wasiwasi kwa muda. Kuhusu kujipaka mwenyewe asubuhi ushahidi ni mdogo, kwa hiyo nakuahidi ngozi laini, viungo vilivyolegea na dakika kumi za kimya. Hilo linatosha.

Vagbhata anasema mafuta yapakwe kila siku, na kwamba yakazaniwe kichwani, masikioni na miguuni. Hapo ndipo mtu mwenye haraka anapopata njia yake: kama huna dakika kumi, paka nyayo na utosi tu. Mwenye muda afanye hivi:

1. Weka chupa ya mafuta ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika tano. Usiyaweke motoni, mafuta ya kwenye jiko hupita joto la ngozi bila kukuonya.
2. Jaribu tone ndani ya kifundo cha mkono. Yawe ya vuguvugu.
3. Vijiko vitatu vya mezani vinamtosha mtu mzima. Anza na mikono: mfupa mrefu kwa kwenda na kurudi, kiungo kwa kuzungusha. Bega, kiwiko, kifundo, kila kimoja mizunguko michache.
4. Tumbo lizungushwe kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ambao ndio mwendo wa utumbo mpana. Kisha mapaja, magoti, miundi.
5. Malizia nyayo, katikati ya vidole, ukiwa umekaa. Usisimame bafuni na nyayo zenye mafuta. Vaa ndala zenye meno au futa kwanza kwa kitambaa.
6. Kaa robo saa, kisha oga.

Kuhusu aina ya mafuta, ufuta (wengine huyaita simsim) ndiyo ya kawaida, na huhesabiwa kuwa na joto. Kerala, jimbo la India ambako mapokeo haya yana nguvu sana, watu wengi hutumia nazi, na kwa joto la Mombasa au Tanga nakushauri hivyohivyo. Yawe ya kupikia, yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Yale meusi yenye harufu ya kukaangwa ni ya chakula tu, si ya ngozi. Jaribu kwanza tone ndani ya kiwiko, usubiri siku moja, maana wapo wenye mzio wa ufuta. Wenye chunusi mgongoni watumie kidogo au waache. Wasiotakiwa kupaka kabisa ni wenye homa, vidonda au ukungu wa ngozi, na anayejisikia tumbo zito kwa chakula cha jana. Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma asiukande: huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Sikio linalotoa usaha lisitiwe tone lolote.

Katika kuoga kuna agizo moja la kale lililo rahisi kufuata: maji ya moto yamwagwe mwilini, kichwani yawe ya baridi au ya uvuguvugu. Sabuni paka kwapani, kinenani na miguuni. Kwingine acha mafuta kidogo yabaki.

Jasho la paji la uso

Katika orodha ya kale mazoezi huja baada ya mafuta na kabla ya kuoga. Kipimo chake ni nusu ya nguvu zako, na dalili za kufikia nusu hiyo zimeelezwa kwa namna inayoweza kufuatwa na mtu yeyote asiye na saa wala mashine: jasho linapotokea kwenye paji la uso, puani na kwapani, na unapoanza kuhitaji kupumua kwa mdomo, acha. Anayezidisha anaonywa kuhusu kikohozi, homa na kuishiwa. Walimu wa mazoezi wa leo hutumia kipimo kinachofanana, kwamba uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Tembea haraka dakika ishirini nje, jua linapochomoza. Mwanga wa asubuhi machoni ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na ukiupata mapema, usingizi wa usiku huja mapema.

Wengi hudhani kwamba salamu za jua, yaani surya namaskar, ni sehemu ya lazima. Mfululizo huo kama unavyofanywa sasa ulienezwa katika miaka ya 1920 na 1930 na mtawala wa Aundh huko India, Bhawanrao Pant Pratinidhi. Haumo katika dinacharya ya Vagbhata. Ufanye ukiupenda, lakini usiuone kama mlango wa kuingilia.

Baada ya hapo kaa dakika tano. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa pua, bila kubana koo. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, mwendo ambao tafiti nyingi zimeuhusisha na kushuka kidogo kwa presha na mapigo ya moyo. Zile pumzi za kupiga tumbo kwa kasi ziitwazo kapalabhati ziache kama una mimba, presha ya juu, ngiri au kifafa.

Pua: hapa usifanye mchezo

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni desturi iliyotoka kwenye yoga, nayo inasaidia wenye mafua ya mzio. Hatari yake ni maji. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Maji yawe yamechemka sana dakika moja (dakika tatu kwa wakazi wa juu ya mita 2,000), kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukiwa huwezi kuhakikisha hilo kila siku, acha kabisa. Asubuhi yako haitapungukiwa. Mafuta ya kutia puani yasitumike bila tabibu aliyesomea.

Kifungua kinywa

Kanuni ni moja: kula njaa ikija. Asiye na njaa saa moja asubuhi asijilazimishe, isipokuwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, ambaye lazima ale kwa ratiba aliyopangiwa, vinginevyo sukari itashuka vibaya. Chakula kiwe cha moto na chepesi. Uji wa ulezi unafaa mno, na kusini mwa India huliwa sana. Nafaka yenyewe ilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki ikafika huko maelfu ya miaka iliyopita. Wali laini uliopikwa pamoja na choroko na tangawizi, wanaouita khichdi, ni chaguo jingine.

Chai je? Haimo kabisa katika vitabu hivyo. Wahindi wengi walianza kuinywa kila siku katika karne ya 20 tu. Hakuna sababu ya kuiacha kama inakufaa, ila isiwe kitu cha kwanza kuingia tumboni kwa mwenye kiungulia, na mjamzito aitenge na mlo na vidonge vya kuongeza damu kwa saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Makopo, unga na vidonge

Hapa ndipo fedha za wasomaji zinapopotelea na ndipo madhara makubwa yalipo. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Kiayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima 193 zilizouzwa kwa intaneti, na kama moja kati ya tano ilikuwa na madini hayo, zikiwemo zilizotengenezwa Marekani kwenyewe. Baadhi ya mapishi ya mapokeo haya hutia madini kwa makusudi. Ashwagandha, inayouzwa kama dawa ya utulivu, imehusishwa na madhara ya ini, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Manjano ya jikoni hayana shida kwa kipimo cha mchuzi, lakini vidonge vya manjano yaliyokolezwa ni kitu kingine, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ushauri wangu hauna masharti: asubuhi tulivu haihitaji kumeza chochote ambacho si chakula. Ukitaka dawa, mtafute mwenye shahada ya Ayurveda iitwayo BAMS, ambayo India husomewa miaka mitano na nusu, na umwonyeshe orodha ya dawa zote unazotumia.

Pingamizi tatu

"Hii ni ibada ya Kihindu." Ni kweli kwamba Vagbhata, katika sura hiyohiyo, anaagiza kuheshimu miungu ya watu wake. Lakini ufuta hauna dini, wala ulimi. Kerala, Waislamu na Wakristo hutibiwa kwa Ayurveda na wengine wao ni matabibu. Acha mantra na kila kinachogusa imani, na mahali pa ibada weka swala au sala yako. Muda wa kukaa kimya tayari umeshautenga.

"Tunaishi watu sita chumba kimoja." Basi acha mafuta ya mwili hadi Jumamosi. Ulimi, glasi ya maji, kutembea na pumzi havihitaji chumba, na havihitaji shilingi hata moja.

"Ushahidi wenyewe haba." Kwa baadhi ya matendo ni haba, na nimeyataja. Kwa usingizi wa saa maalumu, mwanga wa asubuhi, kutembea na pumzi za taratibu si haba hata kidogo. Ndiyo maana nakushauri uanze na hayo, na mafuta yafuate baadaye.

Wiki nne za kwanza

- Wiki ya kwanza: saa ileile ya kuamka, simu mbali, maji, ulimi. Basi.
- Wiki ya pili: ongeza kutembea hadi jasho la paji la uso.
- Wiki ya tatu: ongeza dakika tano za pumzi, kabla ya chai.
- Wiki ya nne: mafuta mara mbili kwa wiki, siku ambazo huna haraka.

Ukiruka siku mbili au tatu, rudi kwenye orodha ya wiki ya kwanza bila kujaribu kufidia. Ukiugua, acha yote mpaka homa iishe. Hilo nalo limo katika mapokeo. Anayemeza dawa ya tezi la shingo ainywe kwanza kwa maji matupu, na asile wala kunywa chai kwa nusu saa hadi saa nzima. Na kama kwa majuma mawili au zaidi unaamka na huzuni nzito, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unaamka alfajiri na usingizi haurudi tena, usiongeze tendo jingine. Nenda kituo cha afya umweleze daktari hivyohivyo, na umtajie pia mafuta na mizizi unayotumia.